Arusha, Engaruka, Natron hadi Wasso na Landrova 110 ya mwaka 1995: krosi, beringi na watu wa njiani

Safari hii tulifanya Agosti 2025. Nimeikusanya kutoka kwenye daftari, risiti na picha za simu, maana kila nikipaki hili gari mjini kuna mtu anasimama na kuuliza yale yale: spea unapata wapi, na likikukatikia porini unafanyaje? Majibu yote mawili yako njiani humu, kwa hiyo nitaeleza siku kwa siku. Palipokuwa pazuri tu bila tatizo nitapita haraka.

Gari ni Landrova 110, injini ya dizeli 300Tdi, silinda nne, cc 2,495. Lilifanya kazi ya utalii miaka mingi kabla halijafika kwangu. Halina kompyuta. Injini ikishawaka inahitaji umeme wa waya mmoja tu, ule unaofungua mafuta kwenye pampu, na hiyo ndiyo sababu kubwa ninayoliamini kwenye njia ambazo magari mapya yanazikwepa. Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu ambaye ni fundi, na nyuma tulibeba godoro na cherehani ya dada yetu mkubwa anayefundisha Wasso, Loliondo.

Jumanne, 12 Agosti. Arusha, Unga Limited

Siku nzima tulikuwa gereji. Taiming belti ilikuwa na kilomita nyingi kuliko ninavyopenda, tukaibadilisha pamoja na tensheni yake: shilingi 185,000 vifaa, na mdogo wangu alifanya kazi mwenyewe. Kwa 300Tdi huu mkanda hauna mzaha. Ukikatika, pistoni na valvu zinakutana, na safari inaishia hapo hapo.

Arusha ni mji wa Landrova. Oktoba 2024 palifanyika tamasha la Landrova hapa na zilikuja kutoka kila kona ya nchi, za miaka ya sitini kwa mpya, na ukipita Unga Limited unaelewa kwa nini. Kuna anayeuza difu tu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), kuna anayechonga bushi kwenye mashine, kuna kijana anayefahamu springi za 110 kwa kuzitazama kutoka ng'ambo ya barabara. Utaulizwa kitu kimoja kila duka: orijino au ya kawaida? Kati ya hizo mbili kuna daraja la tatu ambalo wauzaji hawalitaji mpaka uulize, nalo ni ya mtumba iliyotoka kwenye gari lililokufa. Kwa vitu vya chuma kizito, kama flenji na hafu shafti, mimi huchukua ya mtumba bila wasiwasi. Kwa sili (zile za kuzuia oili isivuje), mipira na beringi, nanunua mpya na nafungua boksi.

Tulinunua beringi moja ya gurudumu na ringi yake (38,000), sili mbili za habu, yaani kitovu cha gurudumu (15,000 kila moja), krosi, yaani kiungo cha msalaba cha propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli (45,000), hosi ya juu ya rejeta, mkanda wa fani, lita tano za oili ya difu na kopo la grisi. Krosi ilikuwa imefungwa kwa nailoni na muuzaji hakutaka ifunguliwe kabla ya malipo. Kumbukeni hilo.

Kwa mnaokuja: namba ya Landrova ya beringi ya gurudumu kwa 110 za umri huu ni RTC3429. Lakini kama duka la Landrova halina, nenda duka la beringi za kawaida uombe LM603049 na ringi yake LM603011. Ni kitu kile kile, na mara nyingi bei ni nafuu. Andika namba hizo nyuma ya leseni yako ikibidi. Magurudumu yote manne yanatumia hiyo hiyo, ya ndani na ya nje, na Landrova Discovery ya kwanza pia.

Jumatano, 13 Agosti. Arusha hadi Engaruka

Tuliondoka alfajiri. Lami mpaka Makuyuni, kulia, lami tena mpaka Mto wa Mbu. Tukanywa chai na chapati, tukanunua ndizi nyekundu na kujaza dizeli matangi na madumu, shilingi 280,000. Jazeni hapa. Mbele mafuta yapo, lakini yanauzwa kwa chupa na madumu, na huwezi kujua yamekaa wapi.

Baada ya Selela barabara ilianza mawimbi yale madogo madogo yanayotikisa mpaka meno. Kwenye mawimbi hayo kuna kasi ambayo gari linatulia, lakini ukiifuata kwa gari la miaka thelathini lenye mzigo, bolti zinaanza kuaga moja moja. Tulikwenda taratibu. Bado kidogo kufika Engaruka tukasikia mlio chini: tik, tik, tik, unafuata mwendo wa gari, na nikiachia mafuta unageuka kuwa kishindo. Mdogo wangu hakuuliza. Akasema, "Kaka, simama. Krosi ya nyuma imekufa."

Akaingia chini, akaishika propela shafti kwa mikono miwili na kuizungusha. Ilicheza kiasi cha kuonekana kwa macho. Kutu nyekundu kama unga ilikuwa inatoka kwenye kikombe kimoja cha krosi, na hiyo ndiyo alama: ukiona unga mwekundu pale, grisi iliisha zamani.

Hapa ndipo gari hili linapoonyesha utu wake. 110 inavuta magurudumu yote manne muda wote. Propela shafti ya nyuma ikifa unaitoa yote, unaifunga difu ya kati kwa kile kirungu kidogo, na gari linatembea kwa magurudumu ya mbele peke yake. Bolti nne kila upande, spana ya inchi 9/16. Ndiyo, gari la 1995 lenye bolti za inchi na za milimita kwa pamoja, kwa hiyo mfuko wa spana lazima uwe na familia zote mbili. Na kabla hujaitoa, weka mawe kwenye tairi, kwa sababu handibreki ya gari hili inakamata propela shafti hiyo hiyo ya nyuma na haikamati magurudumu.

Wakati tukiwa chini, wamama watatu wa Kimasai waliokuwa wanatoka kuchota maji walisimama. Mmoja alitua dumu lake, akamimina maji kwenye kikombe chetu, akampa mdogo wangu anawe uso. Tulimshukuru kwa Kimasai: yeyo, ashe, yaani mama, asante. Kwenye ardhi ile, maji ya kunawa ni zawadi ya maana.

Tukafika Engaruka jioni kwa kuvutwa na magurudumu ya mbele. Tukapata chumba cha 15,000 na wali maharage wa 3,000. Ndipo tulipofungua ile nailoni. Boksi lilisema ni ya 110. Ndani krosi ilikuwa ya milimita 82, na yetu ni 75. Landrova zina hizo saizi mbili na kwa macho zinafanana mno. Pimeni kwa rula, kutoka kikombe hadi kikombe, dukani, mbele ya muuzaji, hata kama anakunja uso.

Alhamisi, 14 Agosti. Engaruka, kungoja basi

Saa moja asubuhi nilimpigia fundi rafiki yetu Arusha. Saa tatu alikuwa amepata krosi ya 75, ameipima, ametuma picha yenye rula pembeni, nami nimemlipa kwa simu: 50,000. Akaipeleka stendi kwa basi la Loliondo linalopita njia hii. Kifurushi 5,000. Jina la mpokeaji aliandika "WENYE LANDROVA MBOVU ENGARUKA", na niseme ukweli, hayo yalikuwa maelekezo bora kuliko jina langu.

Mchana tulikwenda kuona magofu. Kuta za mawe za makazi ya zamani, matuta ya mashamba na mifereji ya umwagiliaji iliyojengwa bila saruji, na watu wakaondoka karne kadhaa zilizopita. Mtembezeni mwenyeji, mlipeni vizuri.

Basi lilikuja jioni, limefunikwa vumbi mpaka taa hazionekani. Utingo alishuka na kifurushi mkononi, akatazama watu wote waliokuwa kituoni, akaja moja kwa moja kwetu. Nguo zetu zilitosha kuwa kitambulisho.

Krosi inahitaji jiriwa. Tuliambiwa yupo mzee anayechomelea mageti na mabomba, ana jiriwa kubwa iliyofungwa kwenye gogo. Tulimkuta anafunga kazi. "Shikamoo mzee." "Marahaba, leteni hapo." Akawasha tena jenereta kwa ajili ya taa.

Kazi hii inaonekana ya nyundo lakini ni ya vidole. Kila kikombe cha krosi kina vijiti vyembamba vya chuma vimepangwa ukutani, vinashikwa na grisi tu. Kikombe cha tatu kilipobanwa kilisimama kabla ya mahali pake, na mfereji wa klipu haukuonekana wote. Mdogo wangu alitaka kukaza zaidi. Mzee akaweka mkono juu ya mpini wa jiriwa. "Hapana mwanangu. Kuna kimoja kimelala." Akakitoa kikombe, akakiinamisha kwenye mwanga, na kweli, kijiti kimoja kilikuwa kimeanguka na kulala chini kwenye sakafu ya kikombe. Kingekazwa hivyo kingevunjika, na krosi mpya ingekufa kabla ya Natron. Akakisimamisha kwa ncha ya bisibisi, akaongeza grisi, akakibana tena polepole huku akiuzungusha msalaba kwa kidole. Klipu ikaingia na mlio mdogo safi.

Akasema hajawahi kumiliki gari. Alijifunza kwa Landrova za abiria zilizokuwa zinakatikia pale kijijini. Alikataa 20,000, akapokea 10,000 na kusema nyingine tununue mafuta ya jenereta ya watakaokuja. Tulimwachia ile krosi ya 82. Mbele ya nyumba yake zinapita Landrova 109 kuukuu, na kuna siku mojawapo itaihitaji.

Ijumaa, 15 Agosti. Engaruka hadi Ngare Sero

Propela shafti ilirudi mahali pake asubuhi na mlio ukafa. Njiani kuna mageti ya halmashauri. Wenyeji wanalipa kiasi kidogo, dai risiti ya mashine na uitunze maana utaulizwa mbele.

Halafu mlima Ol Doinyo Lengai ukatokea kushoto na hatukuacha kuutazama. Mita 2,962, na lava yake haina mfano duniani: nyeusi inapotoka, ikigusana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Ulilipuka kwa majivu 2007 na 2008, na mavumbi ya mlima huo ndiyo barabara yenyewe. Vumbi hili ni laini kama unga wa muhogo na linaingia kila mahali. Tulisimama mara kwa mara kutoa filta ya hewa na kuigonga gonga kwenye tairi. Usiipulize kwa mdomo, unaisukuma vumbi ndani.

Kila tuliposimama niliweka kiganja kwenye habu zote nne. Hii ni desturi ambayo haigharimu kitu. Zote zinapaswa kuwa na joto linalolingana. Karibu na Ngare Sero, kijiji cha kando ya Ziwa Natron, ya nyuma kushoto ilikuwa haishikiki, na ndani ya rimu kulikuwa na michirizi ya oili.

Tukafika kambini taratibu na kuanza kazi chini ya mgunga. Kijana mmoja morani aliyekuwa anapita alileta bapa la jiwe la kuweka chini ya jeki, kwa sababu mchanga ulikuwa unaimeza. Akakaa nasi mpaka giza, akishika tochi kwa utulivu kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Nikimwambia "kushoto" mwanga ulikuwa tayari kushoto.

Utaratibu kwa wasiojua: inua upande huo vya kutosha ili oili ya ekseli irudi upande wa pili. Toa kaliparu ya breki na uifunge kwa waya isining'inie kwenye paipu. Bolti tano za katikati, vuta hafu shafti. Ndani kuna nati mbili kubwa na bati la kuzifungia kati yake. Spana boksi ya milimita 52. Bila spana hiyo utaishia kutumia patasi na nyundo, na nimeona nati nyingi zilizoliwa kwa namna hiyo. Bei yake Arusha haikufika 25,000.

Beringi ya ndani ilikuwa na vishimo kama uso wenye ndui, na sili ilikuwa imegeuka ngumu kama plastiki. Ringi ya zamani tuliitoa kwa fimbo ya shaba, tukigonga huku na huku isikwame. Mpya tuliiingiza kwa kutumia ile ya zamani kama kizibo cha kupigia. Grisi ikasukumwa kwa kiganja mpaka ikatokea upande wa pili kati ya rola. Nati ya kwanza unaikaza huku gurudumu likizungushwa, kisha unairudisha nyuma kidogo sana: lizunguke huru, lisicheze ukilishika juu na chini. Kisha bati, kisha nati ya pili, kisha unakunja masikio ya bati.

Pedi za breki za upande huo zilikuwa zimelowa oili. Tuliziosha kwa petroli, tukazipiga msasa, lakini pedi iliyokunywa oili haiponi. Ilikuwa ya kutufikisha tu.

Mama mwenye mgahawa mdogo alitusubiri bila kufunga. Ugali, mbuzi wa kuchemsha, chai ya maziwa, 7,000 kila mtu, na yule morani akala nasi. Alikataa kabisa pesa ya tochi.

Jumamosi, 16 Agosti. Kupanda hadi Sale na Wasso

Flamingo tuliwaona asubuhi kutoka mbali, mstari wa waridi kando ya ziwa, kisha tukaanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Kona kali, mawe yaliyolegea, hakuna ukingo. Tuliingiza gia ya nguvu na kufunga difu ya kati tangu chini. Usisubiri tairi lianze kuteleza ndipo uikumbuke. Mshale wa joto ulipanda mara mbili, na mara zote tuliligeuzia gari kwenye upepo, tukaacha injini inazunguka polepole mpaka mshale ukashuka. Usifungue kizibo cha rejeta. Usizime ghafla.

Juu, tulikutana na dereva wa Landrova ya abiria akibadilisha springi. Tulisimama, huwezi kumpita mtu kule. Alitueleza habari za 2011, watu walipokuwa wanamiminika kijiji cha Samunge kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, watu wakilala barabarani, na kila gari lililoweza kupanda hapa lilikodiwa kwa bei ya mwenye gari. Mafundi waliuza spea juu ya bonneti. Magari mengi yalichoka mwaka ule, akasema, na mengine hayakurudi nyumbani. Yalibaki huku na yakawa spea. Springi aliyokuwa anaifunga ilitoka kwenye mojawapo.

Baada ya Sale kuna lami mpaka Wasso, na sitasahau ukimya ulioingia ndani ya gari.

Dada alikuwa amepika pilau. Cherehani ilifika nzima.

Jumapili na Jumatatu, 17–18 Agosti. Wasso

Jumapili tulipumzika. Jumatatu tulitafuta pedi. Duka halikuwa nazo, lakini kila mtu alituelekeza kwa mwenye gereji mmoja ambaye uwanja wake una Landrova zilizosimama bila magurudumu, majani yameota mpaka dirishani. Ukizitazama kwa haraka unaona makaburi. Mwenyewe anaziita stoo. Anajua ipi ina difu nzima, ipi ilitolewa giaboksi na ikaenda kwa nani. Bodi za Landrova hizo ni za alumini na hazijashika kutu, kwa hiyo hata mlango wa gari lililokufa muda mrefu bado unafungwa kwenye gari lingine.

Nilimpa pedi zetu kuukuu, maana kanuni yangu ni kwenda na sampuli mkononi. Hakuipima. Alizunguka nyuma ya 110 ya rangi ya mchanga, akarudi na pedi nne zenye unene wa kutosha. 40,000 kwa zote, na akatufungia paipu moja ya breki iliyokuwa imeanza kupasuka, bila nyongeza. Mdogo wangu akamkagulia pampu ya dizeli ya gari lililokuwa linamsumbua. Walibaki wamelala chini ya bonneti saa mbili nzima wakiongea kwa nusu sentensi, na nikaenda kununua soda.

Jumanne, 19 Agosti. Kurudi

Njia ile ile, bila tatizo, siku ndefu ya vumbi. Kiganja kwenye habu kila kituo, zote sawa. Engaruka tulisimama kwa mzee wa jiriwa na lita tano za petroli za jenereta yake. Krosi ya 82 ilikuwa imeshaondoka: ilifungwa juzi yake kwenye 109 iliyokuwa inapeleka mahindi Ngare Sero.

Ukijumlisha spea zote, pamoja na ile krosi isiyotufaa, tulitumia takriban shilingi 410,000 mbali na mafuta na kulala. Kazi inayofuata ni sili ya nyuma ya transfa kesi (ile giaboksi ya pili), inayodondosha tone moja kila usiku. Kama kuna mwenye ekseli ya mbele ya Discovery ya kwanza, habu nzima, isiyochomelewa, niko tayari kuja kuichukua popote kati ya Moshi na Babati.